Kizuizi cha Mtaa wa Juu

Mwanamke aliyeokotwa kwenye mfereji wa Bryasta alifariki alfajiri bila kusema neno, na jua lilipochomoza wakazi wa Mtaa wa Juu walikuwa wameshakubaliana nani aliyemuua.

"Hao wa bondeni," Stamen Bozhkov alimwambia Inspekta Vesela Dragneva, hata kabla hajafunga mlango wa gari. "Anzia huko, mama, uokoe muda wako."

Bozhkov alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mhandisi wa reli aliyestaafu, mrefu, mwenye koti zito la sufu na sauti iliyozoea kusikilizwa. Nyuma yake majirani kadhaa walisimama mikono mifukoni, pumzi zao zikitoka kama moshi. Vesela aliwasalimu wote, akaomba aonyeshwe mahali penyewe.

Bryasta ilikuwa kijiji zamani, nje kidogo ya mji wa Plovdiv, cha watu wa bustani za pilipili. Kisha mji ukaifuata. Sasa bondeni, kando ya mfereji mkuu wa umwagiliaji, walikaa Waroma, ambao wengine huwaita Wajipsi. Katikati zilibaki nyumba za kale zenye mizabibu juu ya ua na mapipa ya kabichi barazani. Huku juu zilikuwa zimeota nyumba mpya nyeupe, kuta ndefu, mageti ya chuma, na mwanzoni mwa barabara mlingoti mwekundu na mweupe ulioziba njia, unaoinuliwa kwa rimoti.

Mfereji wa maji ya mvua ulipita kando ya kuta, umejengwa kwa zege, kina chake kikimfika mtu kiunoni. Sajenti Yavor alikuwa ameshauzungushia utepe. Kwenye ukingo palikuwa na damu iliyokauka na nywele chache. Vesela alichuchumaa. Hakutazama damu kwa muda mrefu. Alitazama changarawe iliyokuwa kati ya ukuta na mfereji. Visigino viwili vilikuwa vimeichora mistari isiyonyooka, kutoka upande wa ukutani kuja ukingoni.

"Unaona nini?" alimuuliza Yavor.

"Alikuwa akirudi nyuma, mkuu."

"Anakimbia?"

Yavor alifikiri. "Hapana. Anayekimbia hugeuka. Huyu alikuwa akipepesuka tu, kama mtu asiyeona anakokanyaga."

Ukuta uliokuwa mbele yao ulikuwa wa nyumba mpya ambayo haijapata mnunuzi. Geti lililofuata, hatua chache upande wa kushoto, lilikuwa na sahani ya shaba yenye namba, na majirani walisema hapo anakaa mama mmoja mfamasia mstaafu, mtu wa watu, Lilyana Gancheva. Yavor alikuwa ameshamhoji. Mama huyo alisema alikuwa na mafua, na televisheni ilikuwa na sauti kubwa. Hakusikia kitu.

Jina la marehemu lilipatikana kupitia gari lake, lililoegeshwa nje ya mlingoti: Snezhina Rusinova, miaka arobaini na mitatu, mkazi wa mjini. Mlango wa gari ulikuwa na maandishi ya buluu: *Kabla Hujahamia*. Yavor alikwisha kuuliza. Ilikuwa kazi ya marehemu. Watu waliotaka kununua nyumba wakiwa mbali, hasa waliofanya kazi Ujerumani na kutaka kurudi, walimtuma akawatazamie mtaa: nani anakaa hapo, shule iko wapi, taa zinawaka au la, mtu anaweza kutembea jioni bila kugeuka nyuma. Safari hii alitumwa na familia yenye mabinti wawili.

Bozhkov alilipokea hilo vibaya. "Nani aliyemwomba aje kutupima?"

"Wanaotaka kuwa majirani zako."

"Basi mngewaambia waje wenyewe. Huu ni mtaa salama kuliko yote upande huu wa mji. Miaka miwili iliyopita wezi walivunja nyumba tatu katika wiki moja. Tukaweka kizuizi. Tukapanga zamu ya kukaa na rimoti. Tangu hapo hata baiskeli haijapotea." Aliinua kidole kuelekea bondeni. "Na sasa angalia. Jana karibu watu wazima wote tulikuwa kwenye mkutano wa kamati, nyumbani kwangu, tunajadili kuuongeza ukuta upande ule. Tungeuongeza mwezi uliopita, mama huyu angekuwa hai. Na mkoba wake uko wapi? Jiulizeni hilo."

Lilikuwa swali la haki, na Vesela alilichukua. Lakini kabla ya kuondoka aliuliza la kwake. Gari la wagonjwa jana lilipita hapa?

Majirani walitazama viatu vyao.

"Lilizungukia bondeni," alisema Bozhkov. "Nadhani rimoti iliishiwa betri."

*

Bondeni mkoba haukuhitaji kutafutwa; wa kwanza kuulizwa aliwaonyesha nyumba. Ulikuwa juu ya meza ya jikoni, nyumba ya tatu kutoka darajani, umewekwa mahali ambapo mtu akiingia tu anauona.

"Tulikuwa tunawasubiri," alisema mwenye nyumba. Jina lake Rumyan, fundi wa kuchomelea, mabega mapana, mikono yenye makovu madogo ya cheche. Hakukaa. Mkewe Sevda alikaa karibu na jiko, kitambaa chenye maji usoni.

Yavor alimuuliza kwa nini hawakuupeleka kituoni.

"Mimi niingie kituoni na mkoba wa mwanamke aliyekufa," Rumyan alisema polepole. "Wewe sajenti, niambie ukweli. Ningetoka?"

Vesela alivuta kiti akakaa mbele ya Sevda, akamwomba asimulie tangu mwanzo.

Sevda alifanya kazi kwenye mabanda ya kioo ya mboga juu ya kilima, na njia yake ya kurudi nyumbani ilipita nyuma ya kuta za Mtaa wa Juu, kisha kando ya mfereji. Giza lilikuwa linaanza, na ukungu. Alisikia mtu akikoroma. Alidhani ni mlevi, akapita, kisha akarudi, kwa sababu sauti ilikuwa ya mwanamke. Alimkuta amelala chali mferejini. Aliupachika mkoba chini ya kichwa chake, akatoa simu iliyokuwa ndani yake, akapiga namba ya dharura. Alipoulizwa jina hakulitaja. Alisema tu mahali, na kwamba mtu anapumua, waje upesi.

"Na walikuja?"

"Walikuja upesi kweli. Niliona taa zao pale kwenye mlingoti. Wakapiga honi. Wakapiga, wakapiga. Nyumba zote zina taa, mama, na hakuna aliyetoka. Nikapiga kelele nikachoka. Mwisho wakageuza, wakazunguka huku kwetu, ambako daraja ni bovu, wakaja kwa mwendo wa kubembeleza." Aligeuza kitambaa usoni. "Nilimshika mkono muda wote huo. Alikuwa akinibana vidole. Walipofika hakuwa akibana tena."

Walimpakia wakaondoka, naye akabaki na mkoba. Alilikimbilia gari lakini halikusimama.

Vesela aliufungua mkoba. Pochi ilikuwemo, na pesa ndani yake. Simu ilikuwemo, na namba ya mwisho iliyopigwa ilikuwa ya dharura. Sauti ya rekodi aliyoisikiliza asubuhi ile, ya mwanamke mwenye kuhema, ndiyo hii aliyokuwa akiisikia sasa. Hapa hapakuwa na mwizi. Alikuwa karibu kusimama alipouliza, zaidi kwa huruma kuliko kwa kazi, macho ya Sevda yana nini.

"Sijui. Yanawaka tangu jana. Na mikono." Sevda alinyoosha viganja. Vilikuwa vyekundu, vimevimba kidogo. "Nilimpangusa uso na kilemba changu, alikuwa na machozi na kamasi nyingi sana. Baadaye nikajifuta macho. Nilidhani nitapofuka."

"Hukumwambia sajenti hilo?"

"Hakuniuliza. Aliuliza habari za mkoba tu."

Kilemba kilikuwa kwenye beseni, hakijafuliwa. Vesela alikiinua kwa ncha ya vidole, akakisogeza puani, na papo hapo akapiga chafya mara mbili, koo likamkaba. Rumyan alimpa maji. Vesela alikuwa mtu aliyeanika pilipili kila vuli ya maisha yake. Alijua harufu ile ya pilipili haitoki jikoni.

*

Daktari wa zamu alipopigiwa simu alithibitisha. Walimwosha macho mgonjwa, ndiyo, yalikuwa mekundu sana, lakini kichwa ndicho kilichowashughulisha. Fuvu lilikuwa limepasuka nyuma. Mbele hakuwa na alama hata moja ya kupigwa. Vesela aliuliza kama angefika mapema kidogo ingekuwaje. Daktari alisema labda, na kwamba hawezi kuapa.

"Basi hakusukumwa," Yavor alisema wakipanda tena kilimani. "Alipuliziwa dawa ya pilipili machoni. Akarudi nyuma haoni, mfereji ukampokea."

"Na nani hutembea na dawa ya pilipili?"

"Wanawake. Walinzi." Yavor alitazama kuta za juu. "Wenye kitu cha kuibiwa."

Bozhkov aliwakaribisha sebuleni, mkewe akaleta kahawa na sahani ya jibini. Hakuwa na shaka tena kwamba polisi walikuwa wamerudi kumpongeza. Vesela aliyasifu mapazia, kisha akauliza kama kamati, baada ya zile nyumba tatu kuvunjwa, iliwapa watu chochote cha kujihami.

Mwenyekiti alijibu kwa fahari. Bila shaka. Kila nyumba kopo la dawa ya kupulizia, aina moja, makopo yote yamenunuliwa pamoja.

"Naomba kuliona lako."

Kopo lilikuja, na lilikuwa jepesi. Vesela alilitikisa karibu na sikio. Yavor aliacha kutafuna.

Uso wa Bozhkov ulibadilika rangi. Alimtazama mkewe, mkewe akatazama dirishani. Ilibidi aseme. Alilitumia wakati wa kiangazi, kwa mbwa wa jirani yake Todorov aliyekuwa akikojolea waridi zake kila asubuhi, na anaomba sana hilo lisimfikie Todorov.

"Jioni ya jana hukutoka kwenye mkutano?"

"Nilikuwa naongoza. Waulize wote."

Mkewe alitikisa kichwa kukubali, na Vesela hakuwa na sababu ya kutoamini. Mtu mwenye sauti ile akitoka chumbani, kila mtu huona. Akaacha kopo mezani. "Mliisikia honi ya gari la wagonjwa?"

"Tuliisikia. Mtu mmoja akasema, mbona hawafunguliwi. Nikamwambia mwenye zamu yupo, atafungua. Tukaendelea."

"Na ile habari ya betri?"

Bozhkov alizungusha kikombe chake. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ya mtu wa kawaida. "Nilitunga. Sikutaka asumbuliwe. Ni mama mgonjwa, amefiwa na mume, na nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile tatu. Walimkuta kitandani, hao wezi. Hawakumgusa, lakini walisimama wakimtazama. Zamu ilikuwa ya Lilyana."

*

Vesela hakubonyeza kengele mara moja. Alisimama mbele ya geti la mfamasia. Ukungu ulikuwa umepanda, ukuta wote wa barabara ulikuwa umekauka isipokuwa nguzo moja ya geti hili, iliyosuguliwa mpaka rangi ikafifia, nayo ilinuka dawa ya kusafishia choo. Aliyesugua alikuwa ameifikia mpaka sahani ya shaba, ila hakuweza kuingiza kitambaa kwenye mifereji ya tarakimu. Ndani yake kulikuwa kumebaki rangi ya kahawia nyekundu. Vesela alipitisha ukucha, akaugusisha mdomoni. Mdomo ukaanza kuwaka.

Akabonyeza kengele.

Lilyana Gancheva alikuwa mdogo wa umbo, nadhifu, sweta la kijivu limefungwa vifungo vyote. Aliwatazama, kisha akautazama mdomo wa Vesela uliokuwa umeanza kuvimba, na bila kuulizwa akaenda jikoni akaleta kikombe cha maziwa.

"Usiweke maji," alisema. "Maji huzidisha."

Vesela alikunywa. Walikaa. Rimoti ilikuwa katikati ya meza, juu ya kitambaa kilichofumwa, na mama yule alikuwa ameketi kwa namna ya kuikwepa.

"Mama Lilyana, sina haja ya kukuambia ninachokijua," Vesela alisema. "Ningependa ukiseme wewe. Lakini una haki ya kunyamaza mpaka uwe na wakili."

"Nimenyamaza usiku mzima. Inatosha."

Alisimulia akiitazama mikono yake. Alikuwa ametoka kuingiza pipa la taka. Alifungua geti kiasi cha pipa kupita, kopo liko mfukoni, kama kawaida yake. Kwenye ukungu akaona mtu amesimama mbele ya nyumba tupu, hasemi, hatembei, anatazama madirisha moja baada ya jingine, kisha anaitazama taa ya barabarani, kisha anatazama madirisha tena. Alijiambia ni jirani. Mtu yule akaanza kuja kwake.

"Nilitaka kufunga, pipa likakwama. Akafika hapa, karibu kama wewe ulivyo. Akatabasamu. Akaniambia samahani mama, kisha akaniuliza…" Alifunga macho. "Akaniuliza, unaishi hapa peke yako?"

Yavor, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Sikusubiri la pili. Sikujua kama ni mwanamke au nini, mwanangu. Niliona watu watatu wamesimama miguuni mwa kitanda changu. Nikapuliza mpaka kidole kikauma. Nikalivuta pipa, nikafunga geti, nikafunga mlango. Nilisikia kishindo. Nilijiambia amekimbia, ameanguka, atainuka."

"Na honi?"

Sauti ya Lilyana ilitoka ndogo sana.

"Rimoti ilikuwa hapa hapa. Niliitazama. Niliposikia honi nilijua hakuinuka. Nikawaza, nikifungua watakuja mbele ya geti langu, watauliza. Nikawaza, labda ni wenzake, wamejifanya gari la wagonjwa, watu husimulia mambo hayo. Nilikuwa na sababu nyingi. Nimekaa na dawa na wagonjwa miaka yangu yote ya kazi, ninajua honi ile maana yake nini. Nikaikalia mikono yangu miwili hivi, mpaka wakaondoka."

Asubuhi alitoka na ndoo akasugua nguzo. Majirani walipita wakamwambia ni wale wa bondeni, naye aliitikia.

Vesela alimwambia kwamba atalazimika kwenda nao, na kwamba achukue koti zito na dawa anazotumia. Alimwambia pia kwamba kuna mwanamke bondeni, Sevda, aliyekaa na marehemu mpaka mwisho, na ambaye macho yake yanahitaji kutazamwa. Lilyana aliomba kalamu. Kwenye karatasi ndogo aliandika jina la dawa ya matone na namna ya kuyatumia, kwa mwandiko safi wa mtu wa duka la dawa, akampa Yavor.

*

Bilyana, mdogo wake Snezhina, alifika kituoni alasiri kuchukua vitu vya marehemu. Walifanya kazi pamoja. Mmoja alitembea mitaa, mwingine aliongea na wateja. Alikuwa na macho makavu ya mtu ambaye bado hajaanza kulia. Vesela alimsimulia yote bila kupamba, na alipofika kwenye lile swali, Bilyana aliweka mkoba chini.

"Aliuliza hivyo kila mahali," alisema. "Nilimgombeza mara ngapi. Dada, nilimwambia, anza kwa kujitambulisha. Yeye alisema ukijitambulisha kwanza, watu wanakupa maneno ya kuuzia nyumba."

"Alitaka kujua nini?"

"Hakuamini takwimu, wala mwenyekiti yeyote, wala taa, wala kuta. Alisema ukiingia mtaani, unamtafuta mwanamke mmoja anayeishi peke yake, unamuuliza kama analala usingizi. Akikuambia ndiyo, wapeleke watoto huko. Hicho ndicho kipimo chake." Bilyana alikaza midomo. "Swali la kwanza lilikuwa hilo, kama anaishi peke yake. La pili ndilo lenyewe."

Alitia sahihi akaondoka. Baadaye kidogo simu ililia. Ilikuwa ile familia ya Ujerumani. Baba wa wale mabinti alitoa pole kwa maneno yaliyokatika, kisha, kwa aibu, akauliza kama inspekta, aliyeuona mtaa ule kwa macho yake, anaweza kumwambia chochote. Vesela alimjibu kwamba polisi hawatoi maoni ya namna hiyo. Halafu hakukata simu. Alimwambia kuwa nyumba ni nzuri, kuta ni imara, na gari la wagonjwa haliwezi kupita.

Alirudi kwenye chumba alichokaa Lilyana. Maelezo yake yalikuwa yamechapwa, yakisubiri sahihi. Vesela angeweza kuyaacha yalivyo. Sheria haikumtaka aseme zaidi. Lakini aliona mtu aliyeua kwa sababu ya swali ana haki ya kulijua lote, hata kama halitamsaidia kulala. Akakaa, akamweleza kazi ya Snezhina, na wale mabinti wawili, na kile alichokuwa akija kuuliza getini.

Lilyana alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Kama nalala usingizi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka miwili sijavuka geti lile giza likiingia. Nalala kwenye kiti, taa zinawaka." Alinyoosha karatasi mbele yake, kingo zake zikae sawa na kingo za meza. "Lakini angeniuliza, ningemwambia hapa ni salama kabisa. Ningemkaribisha ndani, nikampa kahawa, nikamwambia wailete hiyo familia. Wote huwa tunasema hivyo."

Kisha akaisoma karatasi yote, taratibu, na mwisho wa kila ukurasa akaandika jina lake.